Dereva anayesikiliza injini kwa macho

Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya kamba za kuanikia, na shuka zilizolala nje bado ni nzito kwa umande. Kwenye ua wa saruji nyuma ya dobi la hospitali, jengo la kufulia nguo, mwanamume mwenye shati la kaki amepiga goti kando ya pikipiki ya magurudumu matatu. Anafuta kwa kitambaa kioo cha geji ndogo iliyofungwa katikati ya usukani. Anaifuta kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Kisha anawasha injini, anakaa kwenye kiti, anakunja mikono. Haondoki.

"Mzee, twende basi! Wodi zinangoja shuka," anapaza sauti mpakizaji mmoja aliyeajiriwa juzi. Dereva hageuki. Wapakizaji wenzake wanaangua kicheko, mmoja anamvuta mgeni kando kumweleza. Dereva bado ameutazama mshale wa geji, unaojivuta kutoka kushoto kama konokono.

"Bado ina usingizi!" anasema kwa sauti ya kutikisa mabati.

Dirisha la chumba cha kushonea linafunguka. Mkono wa mwanamke unatoka nje, kiganja kikitazama chini, unashuka polepole hewani. Dereva, ambaye jicho lake moja huwa halibanduki kwenye dirisha hilo, anauona. Anatabasamu na kurudia, safari hii kwa upole: "Bado ina usingizi."

Wote hapa wanamwita Masikio. Ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mvi upande mmoja tu wa kichwa. Hasikii. Hasikii honi, hasikii radi, na hasikii injini anayoiendesha kila siku kupanda mlima wa hospitali, akipeleka shuka safi juu na kurudisha chafu chini.

Anachokifanya pale uani, anapokaa na kusubiri, ni kuipa oili muda wa kupata joto. Oili ikiwa baridi huwa nzito na huchelewa kufika kwenye vyuma vya juu. Ikipata moto kupita kiasi huwa nyepesi kama maji, ikashindwa kuvitenganisha vyuma vinavyosuguana.

"Wewe unapika, sivyo?" ananiuliza. "Basi unajua mafuta yakiwa kwenye kikaango yanavyokimbia. Na ukiyasahau motoni, yanavyokulipa."

Jina la Masikio alilipata zamani, masikio yakiwa mazima. Alikuwa na sifa ya kuitambua injini mgonjwa ikiwa bado iko kona ya mtaa. Akiwa amelala ndani, pikipiki ikapita barabarani, angesema: "Huyo vavu zake zimelegea, hafiki mbali." Watu walikuwa wakibishana naye kwa ajili ya kicheko, halafu jioni wanakuja kukubali yaishe.

"Mimi nilimwozesha dada yangu kwa ajili ya masikio hayo," anasema shemeji yake, fundi wa pikipiki mwenye karakana ya mabati mita chache kutoka lango la dobi. "Nilijua nitapata kifaa cha kupimia injini bure. Kumbe nimeletewa mdomo wa kula."

Mashemeji hawa wawili hawawezi kukaa dakika tano bila kutaniana. Utani wao siku hizi ni wa mikono, na baadhi ya ishara zao mkewe Masikio amekataa kunitafsiria.

Miaka minne iliyopita Masikio alishikwa na homa kali ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tatu katika hospitali hiyohiyo, juu ya shuka alizozipandisha mwenyewe. Siku fahamu zilipomrudia, aliona midomo ya wauguzi ikicheza bila kutoa kitu.

"Nilidhani wananong'ona makusudi, labda nakaribia kufa hawataki nijue," anasema. "Nikamwambia mke wangu, waambie waseme tu, mimi ni mtu mzima. Akaanza kulia. Nikaona analia, sisikii kilio. Hapo ndipo nilipojua."

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kike alizaliwa, kitinda mimba wao, na baba yake hajawahi kuisikia sauti yake. Akiimba, baba huweka kiganja mgongoni kwake. "Huyu ana sauti nene kama ya bibi yake," husema, na wote nyumbani wanakubali kwamba hajakosea.

Alirudi kazini. Alipimwa upya, akaruhusiwa kuendesha kwa sharti la kufunga vioo vikubwa pande zote mbili. Mgongoni mwa pikipiki aliandika kwa rangi nyeupe: USINIPIGIE HONI, SISIKII. WASHA TAA. Madereva wa barabara ile walizoea upesi. Wengine humwashia taa hata wakiwa hawana shida naye, kumsalimu tu.

Barabarani hakupata tabu kubwa. Tabu ilikuwa chini yake, kwenye injini.

Dereva anayesikia hajui ni mara ngapi kwa siku sikio linamwokoa. Injini ikielemewa hubadilisha sauti, huanza kugonga kwa ndani, na mkono wa dereva hupunguza mafuta kabla akili haijajua. Masikio alijaribu kuitegemea mitetemo. Alibana goti lake kwenye tangi, akaweka kiganja kwenye chuma. Lakini gari la magurudumu matatu lililobeba marobota ya shuka hutetemeka lote, liwe zima au bovu, kwa mtikisiko mmoja.

"Ni kama kutafuta mtu mmoja anayenong'ona sokoni," anasema.

Halafu ikaja siku ambayo wote wawili, mume na mke, huisimulia wakitazama kando.

Mkewe ni mshonaji wa dobi. Kazi yake ni kutia viraka shuka zilizochanika na kushona upya mapindo. Siku ile wodi ya wazazi ilikuwa imeagiza shuka nyingi kuliko kawaida, na alitakiwa apande nazo kwenda kuzihesabu. Akajipenyeza nyuma, katikati ya marobota, akiwa amempa mumewe mgongo. Ilikuwa saa nane mchana, lami ikichemka.

"Tulipofika kwenye mwinuko mkali, nikasikia injini inagonga," anasimulia. "Mimi si fundi, lakini nimeolewa na fundi wa kusikiliza na nimezaliwa tumbo moja na fundi wa spana. Nilijua. Nikamwita. Nikamwita tena. Halafu nikakumbuka."

Anakunja shuka iliyo mapajani mwake, anaikunjua.

"Unajua kilichoniuma? Mume wangu yuko hapo, nikinyoosha mkono nashika shati lake, ila marobota yamenizuia. Nikapiga bati kwa ngumi. Yeye akadhani mzigo unacheza, akaongeza mafuta tupite haraka."

Injini ilinoki. Oili ilikuwa imepata moto hadi ikakosa uzito wa kufanya kazi, pistoni ikashikana na silinda, na gurudumu likakataa kuzunguka. Masikio alivuta klachi. Gari likasimama kwa pumzi moja, halafu breki zikazidiwa na mzigo, likaanza kurudi nyuma.

Mkewe aliruka. Kando ya barabara palikuwa na jiwe la mfereji. Alilinyanyua na kulisukuma chini ya gurudumu, na gurudumu lilipolipanda lile jiwe, mkono wake wa kushoto ulikuwa bado uko hapo.

Gari lilisimama. Chini yao, kwenye kona, palikuwa na kituo cha abiria kilichojaa watu. Hakuna aliyeguswa. Mshonaji alivunjika vidole viwili.

"Nilishuka nikamkuta amekaa chini, amekumbatia mkono wake," anasema Masikio. Sauti yake imeshuka sana, na mkewe hajainua kiganja kumwashiria aipandishe. "Alikuwa anasema kitu. Nilimtazama mdomo. Alikuwa anasema, 'Umeumia?' Ananiuliza mimi."

Jioni ile alilisukuma gari hadi nyuma ya nyumba kwa msaada wa shemeji yake, akalifunika kwa shuka kuukuu, akaapa kutoshika usukani tena. Dobi likampa kazi ya kukunja. Alikunja vizuri, kona kwa kona. Nyumbani akawa hasemi.

Mtaani walisema kwa niaba yake. Jirani mmoja, aliyekuwa kituoni siku ile, alitamka mbele ya watu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba mtu kama yule hakupaswa kupewa hata baiskeli. Mshonaji alikuwa anapita na mkono wake wa plasta.

"Sikio limekufa, ndiyo," alimjibu. "Macho yake yako hai, na dawa nitaitafuta mimi."

Wakati anajibu hivyo hakuwa na dawa yoyote. "Nilikuwa na hasira tu," anakiri akicheka.

Plasta ile iliwapa mtihani wa pili. Tangu mumewe apoteze kusikia, mshonaji alikuwa amejifunza lugha ya alama kwa mwalimu mmoja wa shule ya viziwi, na mazungumzo yote ya nyumbani yalipitia mikononi mwake. Sasa mkono mmoja ulikuwa umefungwa.

"Yeye hasikii, mimi nina kigugumizi cha mkono," anasema. "Nataka kusema 'leta maji', natamka 'leta ma'. Tulicheka hadi tukalia. Tulilia pia, sitakudanganya."

Cherehani haikuguswa miezi mitatu. Alipoanza kushona tena vidole vilikuwa vigumu, havikuweza kulenga tundu la sindano. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukunja, Masikio alimtungia uzi kwenye sindano, akazichomeka kwenye kipande cha sponji zikiwa zimepangwa kwa rangi. Hakuombwa. Hata leo anafanya hivyo, ingawa vidole vimeshapona.

Dawa aliyoiahidi mshonaji ilimjia siku aliyokwenda kubadilishwa bandeji. Alikuwa kwenye foleni karibu na mama mwenye kichanga. Muuguzi akaja, akamwekea mtoto kipimajoto kwapani, akasubiri, akasoma, akasema: "Ana homa, tusimvike nguo nyingi."

"Nikakaa nikajiuliza," anasema mshonaji. "Huyu mtoto hajui kusema naumwa. Muuguzi naye hakungoja alie. Homa imejulikana kwa kuisoma. Sasa injini imeshindwa nini?"

Kutoka hospitalini hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakana kwa kaka yake. "Kaka, kuna kipimajoto cha injini?"

"Kipo," fundi akamjibu. "Pikipiki kubwa zinakuwa nacho, kinapima joto la oili. Hizi zetu hazina. Sisi tunapima kwa sikio." Alipomaliza kusema hivyo, anasema dada yake, aliinama akajifanya anatafuta spana.

Fundi alizunguka kwa wauza vipuri vya mtumba hadi akapata geji iliyong'olewa kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali. Kifaa hicho kina sehemu mbili: kichwa chenye mshale, kinachofungwa kwenye usukani, na kijiti cha shaba kinachochovya ndani ya oili. Waya mmoja unaviunganisha. Fundi alipanga kuitoboa boliti ya kumwagia oili, iliyo chini ya injini, na kukipachika kijiti hapo.

Masikio alikataa kukiona. Aliletewa mezani, akakisogeza pembeni, akaendelea kunywa chai.

"Nitaaminije?" aliuliza. "Kama kinadanganya? Mimi siwezi kukihakikisha kwa kitu kingine. Nyinyi mna masikio ya akiba."

Lilikuwa swali la haki. Fundi alifikiri kidogo, akamwomba dada yake sufuria.

Watoto wa nyumba ile bado wanasimulia siku mjomba alipopika geji. Maji yaliwekwa jikoni hadi yakachemka. Betri ya pikipiki ikaletwa juu ya kigoda, waya zikaunganishwa, na kijiti cha shaba kikaning'inizwa ndani ya maji kwa koleo. Maji yanayochemka joto lake linajulikana: nyuzi mia moja, au karibu na hapo. Kama geji ni ya kweli, itasema hivyo.

Mshale ulipanda, ukasimama kwenye sabini.

Masikio aliutazama, akamtazama mkewe, akainuka kuondoka.

"Kaa!" Fundi alimvuta shati, akaanza kuchokonoa waya mmoja baada ya mwingine. Waya wa hasi ulikuwa na kutu kwenye kiungo. Akaukata, akausugua kwa msasa hadi ukang'aa, akaufunga upya. Maji yalikuwa yamepungua, mshonaji akaongeza, wakasubiri yachemke tena.

Binti mkubwa alipendekeza watie chumvi. Fundi akamwambia aonje kwanza.

Mara hii mshale ulipanda polepole, ukapita sabini, ukapita themanini. Masikio alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda, pua yake karibu iguse kioo. Ulipofika kwenye mia, ukatulia. Masikio alikitoa kijiti majini, akauangalia mshale ukishuka. Akakirudisha, ukapanda. Akarudia hivyo hadi maji yakakaribia kuisha.

"Ndipo akasema, 'Inaongea,'" anakumbuka mkewe. "Neno hilo moja. Nikaenda nje, nikajifanya naanua nguo."

Injini ilifunguliwa, silinda ikachongwa, pistoni mpya ikaingia. Geji ikafungwa. Mshonaji aliazima rangi ya kucha kwa jirani, akachora mstari mwekundu kwenye kioo mahali fundi alipomwonyesha, nyuzi mia na thelathini. Mshale ukiugusa mstari huo, gari linasimama hata kama limebeba mfalme.

Ilibaki ruhusa. Msimamizi wa dobi, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa na hofu na hakuificha. "Ningempa mzigo kwa huruma, halafu nikawazike watu kwa huruma hiyohiyo?" ananiambia. Alikubali jaribio moja: mzigo kamili, saa nane mchana, mlima uleule. Yeye angesimama juu kwenye lango la hospitali atazame.

Walisimama watu wengi, akiwemo jirani wa methali.

Masikio alianza kupanda kwa gia ndogo. Aliupita mwinuko wa kwanza. Kwenye mwinuko mkali, pale palipotokea yale, gari likapunguza mwendo, likasogea pembeni, likasimama. Injini ikazimwa. Watu wakaguna. Jirani akapiga kofi moja kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mimi nilikuwa chini," anasema mkewe. "Nikamwona anashuka taratibu, anaweka kabari chini ya magurudumu. Kisha anakaa kivulini, anavua kofia, anajipepea. Huyo mtu hana wasiwasi hata kidogo. Nikajua."

Msimamizi aliteremka kwa miguu hadi alipo. Akamkuta ameegemea ukuta. Akamwuliza kwa ishara ya mabega: kulikoni?

"Ilikuwa inakaribia nyekundu," Masikio alimjibu. "Inapumua. Ukiwa na haraka, tangulia, mama."

Msimamizi alimtazama, akautazama mshale uliokuwa ukirudi nyuma kidogokidogo. Akakaa pale kivulini naye. Waliondoka pamoja, yeye akitembea kando, na shuka zikafika.

"Watu walidhani nataka kumwona akipanda mlima bila kusimama," anasema msimamizi. "Kupanda kila mtu anapanda. Mimi nilitaka kumwona anayejua kusimama."

Ni mwaka wa pili sasa tangu siku hiyo. Injini haijanoki tena. Masikio husimama kivulini mara moja au mbili kila mchana wa jua kali, na wauza maji wa pale wameshamwekea kigoda. Malipo yake si makubwa. Karibu robo huishia kwenye petroli na oili, ambayo huibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyotaka. Nguo mpya zinangoja sikukuu. Lakini ada za shule zinalipika, na mkewe amepata cherehani ya pili.

Jambo moja halijarudi kama zamani. Tangu siku ya jiwe, mshonaji hajapanda gari la mumewe. Huenda kazini kwa miguu, na mumewe hajawahi kumwomba apande.

Nawauliza kuhusu hilo wakiwa pamoja, mchana, katika chumba cha kushonea. Masikio anasoma swali kwenye simu yangu, anainamisha kichwa. Mkewe ndiye anayejibu, kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, ili mumewe asikose neno.

"Mama yangu yuko ng'ambo ya milima ile," anasema. "Amezeeka, hawezi kusafiri. Kitinda mimba wetu hajamwona. Nimemwambia kaka aondoe bati la nyuma, atujengee kiti cha kutazama mbele, mgongoni kabisa mwa huyu bwana. Tutakwenda mwisho wa mwaka."

Mumewe amemkodolea macho. Ni dhahiri anaisikia habari hii, kama neno hilo linafaa, kwa mara ya kwanza.

"Ni mlima mrefu," anasema.

"Tutasimama."

"Mara nyingi."

"Basi tutasimama mara nyingi. Mama hana pa kwenda." Ananigeukia mimi. "Nikikaa hapo namfikia. Nikimgonga begani mara moja, asimame. Tumeshaelewana."

"Na ukimgonga mara mbili?" namwuliza.

Mshonaji anaitafsiri kwa mikono. Masikio anaitazama, anafikiri, halafu anaangua kicheko kikubwa kinachowafanya wapakizaji wote uani wageuke. Safari hii mkewe haushushi mkono kumpunguza sauti. Ameficha uso wake kwenye shuka.

"Hiyo," anasema kutoka ndani ya shuka, "mwandishi usiiandike."